Wajane Waliotua Namba Nane

Mume wangu hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ya mtoto wetu wa kwanza. Hata siku moja. Kijana alipojenga, baba yake alichimba msingi pamoja naye, akakanyaga udongo wa kuta, akashika ngazi wakati mabati yanapigiliwa. Siku mlango ulipowekwa, akarudi nyuma hatua tatu na hakuingia tena. Sisi Abagusii jambo hilo tunaliita chinsoni. Mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Iwe mvua ya mawe, iwe ndani kuna uji wa wimbi unanukia, anasimama uani anaita, na mwenye nyumba anatoka. Mimi mama naweza kuingia, kwa adabu, nisivuke sebule. Nasema haya mapema kwa sababu wajukuu wangu waliozaliwa mjini wataniuliza, "Sasa kwa nini Babu hakuingia tu akaona mwenyewe?" Hakuingia. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi nisingetaka mume ambaye angeingia.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kijana wangu alisoma mpaka vitabu vikamchoka. Miaka ya sabini ilipoanza alikuwa Nairobi, katika ofisi moja kubwa iliyokuwa na kompyuta. Siku hizo kompyuta haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Alituambia imejaza chumba kizima, na chumba chenyewe kina baridi yake, watu wanaingia na sweta. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Sabato moja alisimama mbele akatangaza kwamba mwanawe anaongea na mashine na mashine inamjibu. Watu wakasema amina. Mimi nilikaa pale nimenyoosha shingo kama jogoo. Sifichi. Niliringa, na hata leo naringa.

Halafu mwaka mmoja, chai imechipuka vizuri, akashuka basi Keroka siku ya Jumanne mchana. Haikuwa likizo. Akapanda njia ya kwetu na sanduku la kadibodi begani, na macho yake nilipoyaona nikaweka jembe chini.

Alikuwa amesimamishwa kazi.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi yao ilikuwa inawaandikia barua wajane wa wafanyakazi waje wachukue haki zao. Wajane walikuwa wengi, kwa hiyo mashine ndiyo iliyochagua nani aandikiwe. Sheria ilisema: mume awe alikufa kazini, na awe alifanya kazi miaka mitano, au, kama hayo hayakutimia, awe ameacha watoto wadogo. Mwenye watoto wadogo aandikiwe hata kama mume alifia kitandani kwake. Kijana wangu ndiye aliyeiandika programu. Barua zikatoka. Baada ya miezi wajane wakaanza kufika mlangoni pale Nairobi na watoto mgongoni, wanauliza mbona wenzao wameitwa na wao wameachwa. Wakubwa wakatazama wakaona ni kweli. Wakamwita kijana.

"Mashine haikosei," wakamwambia. "Anayekosea ni mtu."

Wakampa siku thelathini akae nyumbani aandike maelezo yake, na nakala za makaratasi yake ndani ya lile sanduku. Maelezo yasipotosha, kazi hakuna.

Baba yake alimsikiliza uani, amesimama, mkono kifuani. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua mwaka huo, akipanda kilima anasimama mara mbili.

"Umewanyima wajane?"

"Baba, si mimi."

"Ni nani, paka?"

"Nilivyoandika ni sawa. Nimesoma mara mia. Naona mashine ndiyo iliyogeuza maneno yangu."

"Mimi nimesimama mbele ya kanisa juu yako." Akakohoa mpaka akainama. "Usije kwangu na hadithi za mashine. Niletee karatasi yenye muhuri inayosema si wewe. Siku hiyo tutaongea."

Kijana naye ni mtoto wa baba yake. Akasema, "Sawa," akaingia kwake. Kuanzia hapo, kati ya nyumba zile mbili palikuwa na hatua arobaini tu, lakini ungedhani kuna mto umefurika. Nilipeleka salamu huku, zikaanguka. Nikapeleka kule, zikaanguka. Kituoni tulipopeleka chai kupimwa, mwanamke mmoja akanifungulia mdomo mbele ya foleni: "Mama, nasikia mtoto wako ameshindwa na chuma."

Nikamwambia, "Chuma ndicho kimeshindwa. Na wewe mwambie karani aangalie chini ya kikapu chako, pale umeficha majani mazee." Foleni ikacheka. Lakini nikirudi nyumbani na kikapu kitupu nililia njia nzima. Nilitaka kitu kimoja tu maishani wakati ule: mzee amwamini mtoto kabla kile kifua hakijammaliza.

Kwa hiyo nikaanza kwenda kukaa na kijana mchana, mke wake akiwa shuleni anafundisha. Sakafu yote ya sebule ilikuwa imetandazwa karatasi ndefu, imekunjwa na kukunjuliwa, ina vitundu pembeni kana kwamba imeliwa na mchwa wenye adabu. Alikuwa anatambaa juu yake kwa magoti.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Mama, mashine inajua namba tu. Mimi siandiki kwa namba. Naandika kwa lugha ya katikati, inayosomeka na mtu. Halafu kuna programu nyingine, ilikuja na mashine kutoka ng'ambo, inaitwa kompaila. Hiyo ndiyo mkalimani. Inachukua maneno yangu inayageuza kuwa namba. Hizi hapa ndizo namba zake."

"Na nani anamsikiliza mkalimani kujua kama amesema kweli?"

"Hakuna. Wanasema ametumika nchi nyingi, hajalaumiwa."

Mimi wakalimani niliwaona katika korti ya Kisii kabla ya uhuru. Mtu analia maneno mia, mkalimani anamwambia jaji matatu. Nikasema, "Basi anza na huyo."

"Nimeanza. Nimemfuata mstari kwa mstari siku tisa. Kila nikifuata naona ni sawa."

"Kwa sababu unajua unakotaka kufika," nikamwambia. "Wewe unasoma kile ulichokiandika wewe, husomi alichosema yeye. Nipe mimi. Mimi sijui chochote, nitakwenda ninapoambiwa."

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe anasoma gazeti. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali. Akachukua kalenda ya zamani, akaikata vipande, akageuza kila mstari wa namba kuwa Kiswahili rahisi, bila kuongeza neno lake. Namba zenyewe zilikuwa ndefu, akazifupisha, moja mpaka nane, ili nizishike. Akavipanga sakafuni na juu ya kila kimoja akaweka jiwe dogo, maana upepo wa mlimani kwetu hauombi ruhusa. Kisha akanipa bakuli la maharagwe.

"Kila haragwe ni mjane. Nitakuambia majibu yake matatu. Mume alikufa kazini, ndiyo au hapana. Alifanya miaka mitano, ndiyo au hapana. Ameacha watoto wadogo, ndiyo au hapana. Wewe mpeleke kipande kwa kipande kama karatasi inavyosema. Mama, usifikiri. Usimhurumie. Fanya tu."

"Kutohurumia mjane sijafundishwa."

"Leo jifunze."

Kabla hatujaanza niliona kitu nikakitilia shaka. "Mbona karatasi inaruka ruka? Hapa kwenye namba mbili inasema kama jibu ni hapana, ruka. Si huu ndio ujanja wenyewe, kuruka maswali ya watu?"

"Hapana, kuruka ni vizuri. Kama mume hakufa kazini, kuna haja gani ya kuuliza miaka? Yote mawili lazima yawe ndiyo. La kwanza likikataa, la pili halina kazi. Na kuna mahali pengine kuuliza la pili ni hatari kabisa, mashine inaweza kwenda kutafuta kitu ambacho hakipo ikaanguka."

"Kama baba yako na mlango huu," nikasema. "Akishajua ni nyumba yako, haulizi tena kama kiti kipo. Hata kuchungulia kuuliza ni makosa."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke Keroka. "Hivyo hivyo, Mama. Hivyo hivyo kabisa."

Tukaanza. Alisema maswali ni matatu, kila moja lina majibu mawili, kwa hiyo wajane ni wa aina nane na hakuna wa tisa. Nikahesabu kwa vidole nikaona hanidanganyi. Wa kwanza: kazini ndiyo, miaka ndiyo, watoto ndiyo. Nikamshika haragwe wangu, nikapita naye, nikafika namba saba: mwandikie barua. Vizuri. Wa pili, wa tatu, wa nne, wote waume zao walikufa kazini, na wote walifika walipostahili. Wa nne hakustahili barua, nikamweka namba nane, usimwandikie. Iliniuma lakini ndiyo sheria.

Wa tano. Kazini hapana. Miaka ndiyo. Watoto ndiyo.

Namba moja: alikufa kazini? Hapana. Namba mbili: kama hapana, ruka uende namba nane. Nikamchukua nikamweka nane.

"Huyu amefukuzwa," nikasema.

"Mama, umeruka vibaya. Rudia."

Nikarudia. Nane.

"Huyo anatakiwa aende tano. Tano ndipo anapoulizwa habari za watoto."

"Sijui anakotakiwa. Karatasi inasema nane."

"Inasema tano."

"Mimi nilisoma darasa la tatu lakini tano naijua, ina tumbo. Hii ni nane. Njoo uone."

Akaja kwa magoti. Akatazama kipande. Akaenda kwenye karatasi ndefu, akaweka kidole kwenye mstari. Akarudi kwenye kipande. Akaenda tena kwenye karatasi. Kisha akakaa sakafuni kitako, kama mtoto.

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa napita hapa nasoma tano. Hata leo mkono umenakili nane, jicho likasoma tano."

"Kwa hiyo mjane huyu…"

"Hajaulizwa. Mume hakufa kazini, basi, akatupwa nje moja kwa moja. Hakuna aliyemuuliza kama ana watoto. Kuruka ni sawa, Mama. Kosa ni mahali pa kutua. Mkalimani amemtua pabaya."

Hapo akapiga kelele, kelele ya furaha, akanikumbatia na maharagwe yakamwagika sakafu nzima. Nje nikasikia kikohozi. Kilikuwa kwenye migomba upande wa nyuma, karibu na ukuta. Mzee hakuwa na kazi kwenye migomba ile siku hiyo, wala panga hakuwa nalo. Kikohozi kikaondoka polepole. Nikajua amesikia kelele. Kama alisikia maneno, hilo sikulijua.

Tulimaliza wajane wote. Wa sita naye alikuwa na watoto, naye alitupwa namba nane. Wa saba na wa nane hawakuwa na watoto, wao walifika walipostahili. Wawili katika wanane. Kijana akafungua sanduku akatafuta mahali pengine alipokuwa ameandika maswali ya namna ile, mawili ya "na" halafu la "au". Akapata matatu. Yote yametua pabaya, kosa ni lile lile. Mahali palipokuwa na "na" peke yake, mkalimani alisema kweli. "Basi si mkono wangu ulioteleza," akasema. "Ni yeye, na ndiyo tabia yake."

Nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikera tangu mwanzo. "Lakini kwa nini mnamuuliza mwanamke habari za marehemu kwanza? Muulizeni habari za watoto. Hao ndio wanaokula."

Akaanza kujibu, kisha akapanga vile vipande upya, watoto mbele. "Tukimuuliza hivyo," akasema polepole, "hata mkalimani akimtupa nane kwa swali la kazini, atakuwa hana swali lingine lililobaki. Nane itakuwa ni haki." Akaliandika na hilo katika maelezo yake, kwamba mpaka kompaila itengenezwe, swali la watoto litangulie. Hilo lilitoka kwangu. Sijawahi kulitaja kanisani lakini hapa nalitaja.

Akachora wajane wote wanane, njia ya kila mmoja, akatia kwenye bahasha kubwa, tukateremka pamoja mpaka posta ya Keroka. Niliishika bahasha njia nzima.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka.

Mvua za baridi zilimkuta mzee na kifua kile. Akaacha kwenda shambani, kisha akaacha kwenda kanisani, kisha akawa wa kitandani. Kijana alikuwa anakuja kila asubuhi kupasua kuni nje ya nyumba yetu na kuondoka. Anasalimia, "Baba, umeamkaje," na baba anajibu, "Nimeamka." Yote yaliishia hapo. Wiki nzima nilikuwa nampelekea mzee uji kwa hasira. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Haragwe nililibeba kwa mkono wangu. Na yeye analala pale anangoja muhuri, kana kwamba mtoto wake ni mtu aliyeokotwa sokoni.

Asubuhi moja, nampa uji, shoka la kijana linasikika nje, akashika kikombe bila kunywa.

"Wale wajane," akasema.

"Wajane gani?"

"Wewe unajua." Akapumua. "Siku ile mlipiga kelele. Ni yeye aliyekosea, au si yeye?"

Ningesema maneno mawili. Si yeye. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyasema. Lakini nilikuwa nimebeba kiburi chake mgongoni wiki nyingi, na siku hiyo nikataka aone uzito wake. Nikamwambia:

"Si wewe unataka muhuri? Ngoja muhuri wako."

Akanitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Haya," akanywa uji kidogo, akageukia ukutani.

Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni alikuwa amelala. Nikajiambia kesho. Kesho yake asubuhi pumzi ilikuwa inapanda kama mtu anayepanda kilima, na hakuwa anajua nani ni nani. Wanaume wakamfunga kwenye kiti wakambeba kuelekea barabarani, kijana wangu ameshika mguu wa mbele wa kiti, matope mpaka magotini. Lori la chai lilikuwa linarudi kiwandani Itumbe, dereva akasimama akashuka kusaidia. Akamshika mzee mkono, halafu akautoa mkono wake taratibu, akavua kofia.

Tulimzika kando ya nyumba yake. Kijana alisimama pale kama mti, hakulia. Watu wakanong'ona kwamba ana moyo mgumu. Nilijua si moyo mgumu. Alikuwa hajui analia kama nani, kama mtoto aliyeaminiwa au kama mtoto aliyekataliwa.

Wiki ya tatu barua ikaja. Muhuri ulikuwepo, mkubwa, wa rangi ya zambarau. Kijana aliisoma tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Ilisema wamejaribu njia za wajane wote wanane kwenye mashine wakaona alivyosema. Kosa ni la kompaila na walioileta wameandikiwa. Wajane walioachwa wanaandikiwa sasa, watoto wakiulizwa kwanza. Yeye arudi kazini Jumatatu. Neno la samahani halikuwemo. Akaikunja mara nne.

"Mama," akasema. "Baba alijua?"

Hakunitazama. Alikuwa anatazama lile kaburi jipya, udongo bado mwekundu.

"Alijua," nikasema. "Aliniuliza, nikamwambia si wewe. Akafurahi."

Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka nikaogopa, kisha akanyamaza, akaosha uso, akala chakula chote nilichompakulia. Jumatatu alikuwa Nairobi.

Mwanangu sasa naye ni mzee wa kanisa. Ana mvi, amestaafu, watoto wake wawili wanafanya kazi hiyo hiyo ya mashine. Nimemsikia akiwaambia kwenye harusi, kwenye mazishi ya watu, kwenye chakula cha mwaka mpya: "Baba yangu aliniamini kabla ya muhuri." Kila akisema ananigeukia mimi, na mimi natingisha kichwa. Nimetingisha kichwa miaka yote hiyo. Watu wananisifu kwamba nilikuwa daraja kati ya baba na mwana.

Mwanangu, baba yako hakujua. Nilikudanganya kwa sababu jibu nililokuwa nalo nilimnyima yeye, na sikuwa na mahali pengine pa kulipeleka. Lakini sehemu moja ya maneno yangu haikuwa uongo, na hiyo ishike. Aliuliza. Hakuna aliyemsukuma, barua ilikuwa haijafika, na alikuwa na pumzi chache akatumia mojawapo kukuulizia wewe. Mtu aliyekwisha kukukataa haulizi. Aliyebaki bila kusema neno ni mimi.